Stelingi wa Muvi ya Dude ni Nani?

Sheria ya kwanza ya kibanda umiza haijaandikwa ukutani, lakini kila aliyelipa kiingilio anaijua: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akatupwa mtoni, akafungwa kamba kwenye ghala linalowaka moto. Hafi. Mtoto anayeingia kibandani kwa mara ya kwanza anafundishwa hilo kabla hata hajajua jina la muvi. Ndiyo maana swali la kwanza pale ndani si "inahusu nini?" bali "stelingi ni yupi?" Ukishaonyeshwa kidole, basi, unajua roho yako uiweke wapi kwa saa mbili zijazo.

Muvi za madude makubwa ndizo zilizonivurugia sheria hiyo. Nazungumzia King Kong, Godzilla na jamaa zao wote wanaobomoa miji. Nilizijulia Misunkumilo, pale Mpanda, kwenye mabenchi ya mbao, jenereta linanguruma nje na sauti ya mtafsiri inashindana nalo. Nimeendelea kuzipenda mpaka leo, nimepita chuo, nina kazi ya uandishi wa habari, na bado Godzilla mpya ikitoka naitafuta. Baadhi ya rafiki zangu waliosoma fasihi wakisikia hivyo wanacheka. Wanasema: si ni mtu tu, kavaa gunia la mpira, anakanyaga maboksi?

Ni kweli. Ni mtu kavaa mpira. Anayedhani mashabiki wa muvi hizi hawajaona zipu ya mgongoni hajawahi kukaa nao. Tunaiona, tunaitafuta, tunaonyeshana. Lakini ubishi unaoanza baada ya muvi kuisha hauhusu mpira hata kidogo. Unahusu stelingi. Yaani nani alikuwa na haki na nani alikuwa na kosa. Hilo ndilo linalotukalisha kwenye benchi, na naona wahakiki wetu wamelipita bila kulisalimia.

Tuanze na Kong, maana kwa umri yeye ndiye mkubwa wao. Filamu ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1933, imeongozwa na Merian C. Cooper na Ernest Schoedsack, na fundi wa dude alikuwa Willis O'Brien. Sokwe yule anayepanda jengo la Empire State alikuwa kisanamu cha karibu nusu mita, mifupa ya chuma ndani, manyoya ya sungura juu. O'Brien na wenzake walimsogeza kidogo, wakapiga picha, wakamsogeza tena, wakapiga tena, mpaka akatembea. Ukiangalia vizuri utaona manyoya yake yanachezacheza bila upepo. Ni vidole vya mafundi, kila walipomshika manyoya yalilala upande mwingine. Kwa mtu anayetaka kudharau, hiyo ni kasoro. Mimi sehemu hiyo nairudisha nyuma niione tena. Kuna mtu amemgusa huyu mnyama mara elfu na kitu ili tu ageuze shingo.

Ila Kong ana tatizo kubwa kuliko manyoya, na mtu mweusi akiiangalia ile ya 1933 hawezi kujifanya halioni. Kisiwani kuna watu. Ni weusi, wana manyoya kichwani, wanapiga ngoma na kumtoa mwanamke wa Kizungu kafara. Waigizaji wake wengi walikuwa Wamarekani weusi waliolipwa kucheza ushenzi. Wajapani walipotengeneza King Kong dhidi ya Godzilla mwaka 1962, wakarudia kitu kilekile kwa namna yao: wakawapaka Wajapani wenzao rangi ya kahawia, wakawaita watu wa kisiwani. Ukiangalia leo unajikunyata. Dude linapewa huzuni, watu hawapewi hata jina.

Kibandani kwetu nilichoshuhudia ni hiki: hakuna aliyewachukulia wale watu wa kisiwani kuwa ndiyo sisi. Ile ya Peter Jackson, ya mwaka 2005, ilipotufikia imeshatafsiriwa, watu walimchagua Kong. Haikuhitaji mjadala. Anakamatwa kwao, anapandishwa melini, anafungwa minyororo, anasimamishwa jukwaani New York watu waliovaa suti wakate tiketi kumwangalia. Nani pale asingejua upande wa kukaa? Kwa hiyo alipoanguka kutoka juu ya jengo, kibanda kikanyamaza. Stelingi kafa. Mzee mmoja akasema haiwezekani, lazima kuna CD nyingine, mwenye kibanda kaificha ili tulipe tena kesho. Na kesho yake, nakuambia, wapo waliokuja kulipa tena.

Sisi Watanzania tuna Kong wetu, na yeye si hadithi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale Tendaguru, mkoani Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zikapanda meli kwenda Ujerumani. Kiunzi kikubwa kuliko vyote kilisimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, miaka minne tu baada ya Kong kusimamishwa jukwaani. Kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kipo hapohapo mpaka sasa, watu wanakata tiketi. Kila suala la mjusi wa Tendaguru linapoibuka bungeni au magazetini, namkumbuka yule mzee wa CD nyingine. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa anakataa mwisho wa muvi.

Sasa niseme kuhusu watafsiri, maana bila wao hata nisingekuwa na cha kuandika. Derek Gaspar Mukandala, tunayemjua kwa jina la Lufufu, ni mmoja wa waliowazoesha Watanzania kuangalia muvi ya nje huku Mswahili anaisimulia juu yake. Titanic yenyewe ilipita mdomoni mwake. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana mavijei wao, na pale Wakaliga muvi za Isaac Nabwana zinatengenezwa zikiwa na msimuliaji ndani kabisa. Watu wa chuo wanapenda kuuliza kama tafsiri hizi ni sahihi. Siyo sahihi, na wala hazikuahidi kuwa hivyo. Mtafsiri anaongeza, anatania, anamwita mwanajeshi wa Marekani afande, anawapa watu majina ya kwetu.

Kuna kitu kimoja wanachokifanya kwa dude ambacho nimekisikiliza mara nyingi, na nakihesabu kuwa uhakiki wa hali ya juu. Kiswahili hakihitaji maneno mengi kutengeneza zimwi. Unabadili tu ngeli. Nyoka anakuwa joka, mtu anakuwa jitu, mbwa anakuwa jibwa, na ukishindwa kabisa unasema dude, au lidude, watu wanakaa vizuri. Mtafsiri niliyekua naye, ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye kava la CD, alikuwa anamwanzisha Kong kwa "li". Linakuja. Limemshika. Linavunja mti. Halafu, bila kutangaza, yule dada akishaanza kumchekesha Kong pale mwambani, anahama. Anacheka. Amekaa. Amechoka. Ndege za kijeshi zinapompiga kule juu ni "a" tupu: anavuja damu, anamtafuta dada wa watu, anaanguka. Kwa silabi moja tu alikuwa ameshatuambia stelingi ni nani. Peter Jackson alitumia saa tatu na mamilioni ya dola kusema jambo hilohilo.

Usidhani huu ni mchezo wa nchi maskini zisizojua Kiingereza. Japani yenyewe, enzi za filamu bubu, ilikuwa na wasimuliaji waliosimama pembeni ya skrini, wanaitwa benshi, na wengine walikuwa maarufu kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Na Wamarekani, walipoinunua Godzilla ya Kijapani, walifanya nini? Wakaweka mtafsiri! Mwaka 1956 waliikata filamu ile, wakampiga picha mwigizaji wao Raymond Burr, wakamchomeka katikati ya Wajapani kana kwamba alikuwepo. Anacheza mwandishi wa habari wa Kimarekani aitwaye Steve Martin. Kazi yake ni kusimama dirishani na kutueleza tunachokiona. Kwa kuwa ni mwandishi wa habari mwenzangu nilitaka sana kumpenda, lakini nimeshindwa. Burr anasimulia moto na majengo. Yale aliyoyapunguza ndiyo yaliyokuwa muvi yenyewe.

Maana ile ya asili, ya Ishirō Honda, ilitoka Japani tarehe 3 Novemba 1954, na watu walioingia ukumbini walikuwa na gazeti la mwaka uleule kichwani. Tarehe 1 Machi Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini. Majivu yakawaangukia wavuvi 23 wa boti la jodari liitwalo Daigo Fukuryū Maru, waliokuwa baharini wanatafuta riziki. Wote waliugua. Mmoja wao, mwendesha redio wa boti, alifariki Septemba. Filamu ya Honda inaanza na boti, wavuvi wamepumzika, mwanga mkali unatokea majini, boti linaungua. Hakuna mtazamaji wa Kijapani aliyehitaji kuelezwa. Baadaye kuna abiria kwenye treni wanaongea kuhusu dude, na mwanamke mmoja anataja kwamba aliponea Nagasaki, sasa ni hili tena. Sehemu ya namna hiyo Wamarekani wa 1956 hawakuiona kuwa ya lazima.

Na mpira? Fundi Eiji Tsuburaya alitaka kufanya kama O'Brien, kusogeza kisanamu kidogokidogo, lakini muda haukuwepo. Ndipo akaja na vazi. Haruo Nakajima akaingia ndani yake chini ya taa kali, joto la kumzimisha mtu, akatembea juu ya Tokyo ndogo iliyojengwa kwa kipimo cha moja kwa 25. Alikwenda bustani ya wanyama kuangalia jinsi tembo anavyotua mguu. Kamera ilizungushwa kwa kasi kuliko kawaida, ili picha ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida kila hatua ichelewe na vumbi lipande taratibu, na jicho lako liamini uzito. Mlio nao haukutoka kwa mnyama yeyote. Akira Ifukube, mtunzi wa muziki, alilegeza uzi wa zeze kubwa la besi na kuuburuza kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Jina lenyewe, Gojira, limeunganishwa kutoka sokwe na nyangumi kwa Kijapani. Wajapani nao walikuwa na namna yao ya kutengeneza dude kwa silabi.

Nikiangalia tukio la mama aliyekaa chini ya ukuta, amewakumbatia wanawe huku Tokyo inaungua, akiwaambia kwamba muda si mrefu watamfuata baba yao, mpira siuoni. Siyo kwamba nimedanganyika. Naona mpira umebeshwa mzigo, na unaubeba.

Godzilla wa 1954 si stelingi, lakini siyo jambazi vilevile. Ni dude lenye mwenyewe. Hapo ndipo watu wetu walipo wepesi kuelewa, kwa sababu tumeshasimuliwa. Ile hadithi ya Unguja ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870, ni muvi ya dude mwanzo mwisho. Sultani ana paka. Paka anakula ndama. Watu wanakwenda kulalamika, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, anakula ng'ombe, anakula punda, anakula watoto wa watu, na jibu ni lilelile. Anahamia porini, anazidi kukua. Mpaka siku alipowaua wana wa Sultani mwenyewe ndipo mzee anakiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Kisha kijana wake mdogo anakwenda kumsaka, kila mara anarudi na mnyama mkubwa zaidi, mpaka tembo, na mama yake anamwambia bado, siye. Wasukuma, ambao ni wengi sana kwetu Katavi, wana Shing'weng'we anayemeza kijiji kizima na Masala Kulangwa anayekuja kumpasua tumbo watu watoke. Hilo nalo ni dude kubwa, ila mimi nunda ananitisha zaidi. Shing'weng'we anatokea tu. Nunda amefugwa.

Na mtu wa Misunkumilo ana sababu nyingine ya kutofautisha dude na mnyama. Kuna Bwawa la Milala pale, lina viboko. Ukilala karibu unawasikia. Kiboko ana uzito wa tani na zaidi, anaweza kumkata mtu vipande viwili, na hakuna mtoto wa kule anayemwita zimwi. Ana mipaka yake: usiku anatoka kula majani, alfajiri anarudi majini, na wewe ukijua njia yake unapita kwingine. Ndiyo maana ile Godzilla ya Kimarekani ya 1998, ya Roland Emmerich, haikutushika. Ilikuwa na kompyuta za kutosha na dude linakimbia kwa spidi, lakini walichotengeneza ni mjusi mwenye njaa anayetafuta pa kutagia. Samaki akala, mayai akataga, makombora yakampata, akafa. Huyo ni kiboko aliyepotea njia. Unamwonea huruma kidogo halafu unaulizia muvi inayofuata.

Kizazi cha sasa kimelelewa na Godzilla mwingine, yule anayeshirikiana na Kong kupiga madude mabaya. Wajapani ndio walioanza, tangu mwaka 1964 alipopigana na Ghidorah mwenye vichwa vitatu, na Hollywood imeendeleza kwa bajeti nene. Vijana wanazipenda na sitawanyima raha, nami nimeziangalia zote, na ngumi zake ni tamu. Ila angalia kilichotokea: dude limekuwa stelingi kamili, kwa hiyo halifi, kwa hiyo hakuna ubishi. Mji unabomoka na hakuna mtu chini ya matofali. Muvi ikiisha watu wanatoka wanaulizana mechi ya Jumapili.

Iliyorudisha ubishi kwangu ni Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ya mwaka 2023. Ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 15, hela ambayo Hollywood ingeisha kwenye chakula cha waigizaji, na ikachukua Oscar ya picha za kompyuta mwaka 2024. Kama hujaiangalia, aya mbili zinazofuata zitakuharibia.

Japani imeshindwa vita. Rubani Shikishima alipangwa kufa kwa kujigongesha na ndege yake kwenye meli ya adui, akaogopa, akasingizia injini mbovu. Anarudi nyumbani, jirani anamtukana kwa sababu yuko hai. Dude linapokuja, serikali haipo na Wamarekani hawataki kujiingiza, kwa hiyo wanaojitolea ni mabaharia na mafundi wa kawaida waliobaki. Mwanasayansi wao anawaambia wazi kwamba nchi yao ilichezea roho za watu, ilirusha marubani kwenye ndege zisizo na kiti cha kurukia, na kwamba safari hii mpango ni watu warudi nyumbani. Shikishima kimoyomoyo ana mpango wake, wa kumalizia kile alichokikwepa. Katika ile ya 1954, Dakta Serizawa alichoma karatasi za silaha yake, akashuka nayo baharini na hakupanda tena. Kwa hiyo mtazamaji anayezijua hizi muvi ameshamzika Shikishima kabla ndege haijaruka.

Ndege inaingia mdomoni mwa Godzilla, kichwa kinalipuka. Halafu angani kuna mwavuli. Fundi alikuwa ameweka kiti cha kurukia, akamwambia aishi. Wenzangu wa fasihi wanaweza kusema mwisho huo ni wa kubembeleza watazamaji. Mimi niliuangalia kwenye kompyuta, na vipokea sauti masikioni, na nikapiga kelele ya kibandani: stelingi hafi! Miaka yote nilidhani sheria ile ni ya utani, na hapa kuna Mjapani ameichukua akawatupia wakubwa waliopeleka watoto wa watu kufa. Picha ya mwisho iko chini ya bahari. Kipande cha nyama ya Godzilla kinazama gizani, kinaanza kuvimba upya. Natamani sana kumsikia yule mtafsiri wetu pale, kama angesema "li" au "a".